Pua ya Bibi

Sikilizeni, enyi mataifa. Mimi, Ervin Cabral, Mwanzilishi, Msanifu Mkuu na Mtawala Mwema wa Maisha wa Mradi wa Pombero, natangaza mbele ya mbingu na udongo mwekundu wa Bella Vista, mji wetu, kwamba asubuhi ile ya Julai nilikuwa tayari kumpokea msichana nimpendaye kwa heshima zote zinazolingana na cheo changu.

Nilikuwa nimesimama bafuni, nimeshika meno ya bibi yangu.

Naomba msinihukumu haraka. Meno yenyewe yalikuwa ya bandia, yamelala ndani ya glasi yake ya maji kama kila asubuhi, na Oma Gerlinde alikuwa bado usingizini. Sikuyachukua kwa wizi. Niliyachukua kwa sababu Oma asipovaa meno hafungui mdomo mbele ya wageni, na mgeni aliyekuwa njiani alikuwa anatoka Villarrica hasa kuja kuzungumza naye. Wakizungumza, nimekwisha.

Shuleni kwetu, shule ya kilimo ya bweni ambako ng'ombe hukamuliwa kabla ya jua na hesabu hufuata baadaye, najulikana kwa mizaha. Nguruwe wa maonyesho aliyeonekana amevaa tai ya mwalimu wa zamu alivalishwa na mimi. Lakini mzaha una adabu zake: anayefanyiwa sharti aweze kucheka mwishoni. Nilipofika jikoni na meno kiganjani, nikasikia nyayo za Mama, nikayatumbukiza ndani ya kopo la bati la juu ya kabati, lile la akiba ya yerba, majani tunayoyanywa kama chai. Nilipolifunika nilijua kwamba mzaha huu hauna adabu.

Mambo yalianza na heri ya mwaka mpya.

Pombero ni jina la kile kijitu cha porini kinachopigia watu miluzi na kuwafungulia kuku usiku. Nililipa programu yangu jina hilo kwa kuwa najiona binamu yake. Ilikuwa kibodi ya simu ya kuandikia Kiguarani, lugha yetu ambayo maneno yake mengi hupitia puani, na herufi za puani huvaa kiwimbi kichwani. Simu zetu nyingi hazina viwimbi hivyo vyote. Nikaamua kulikomboa taifa. Nilikuwa nimejifunza kuandika programu kwa muhula mmoja, na katika muhula huo nilikuwa nimeandika programu mbili: moja ya kuhesabu kuku, na nyingine iliyowahesabu vibaya.

Niliiweka mtandaoni iwe programu huria, yaani mtu yeyote aifungue, aisome, aichukue, airekebishe. Kabla hata mstari mmoja haujafanya kazi, nilikuwa nimeshaandika kanuni za maadili za wachangiaji, hotuba ya shukrani kwa wachangiaji, na utaratibu wa kuwafukuza wachangiaji wakorofi. Wachangiaji hawakuwapo. Mtumiaji alikuwa mmoja, mwalimu mkuu, ambaye nilimwekea Pombero kwenye simu yake ili kumfurahisha.

Desemba akawaandikia wazazi wote salamu za mwaka mpya. Sasa, kwa Kihispania mwaka nao una herufi yenye kiwimbi, na Pombero wangu alikivua. Mwaka ukivuliwa kiwimbi chake haubaki mwaka. Unakuwa sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Wazazi wa shule nzima walitakiwa sehemu hiyo, mpya, yenye amani na mafanikio.

Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. Aliniambia nirekebishe kwa mkono wangu kabla shule haijafunguliwa, la sivyo chumba cha kompyuta nitakiona dirishani hadi nihitimu. Likizo yote nilihangaika. Kila kiwimbi nilichokirudisha kilikwenda kukaa juu ya herufi isiyo yake. Ndipo nikakuta mtandaoni kazi ndogo, ya ukurasa mmoja, ya mtu aitwaye N. Ovelar. Ilijua kila kiwimbi kinakaa wapi, utadhani imezaliwa Guairá, kwa wasema Kiguarani wenyewe, na kunyonya huko. Juu kabisa mwenyewe alikuwa ameandika:

Kazi hii ni ya N. Ovelar, kwa pua ya bibi yangu. Ichukue, ibadili, igawe. Nakuomba kitu kimoja: usiufute mstari huu.

Niliufuta.

Ningeweza kusema ni ugeni wa fani. Ugeni nilikuwa nao tele, lakini haukuwa huo. Mstari ule niliuelewa hata mimi. Niliufuta kwa sababu mwalimu mkuu alisema kwa mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa mtupu.

Humo ndani kulikuwa na namba moja iliyopewa jina pua_ya_bibi. Sikujua inafanya nini. Nilijaribu kuipa jina la heshima zaidi, programu nzima ikazimia. Nikairudisha pua, ikazinduka. Tangu hapo nilikuwa naipita pua ile kwa kunyata, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Shule ilipofunguliwa, akaingia kwenye mradi mtu aliyejiita Ynambu, jina la yule ndege anayesikika majanini bila kuonekana. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi: kwa nini pua ya bibi?

Hapo ndipo mwanamume hukiri. Mimi niliandika utenzi. Nilimwambia kwamba bibi yangu mzaa mama, mlezi wangu, hazina ya Kiguarani safi, ndiye aliyenitamkia maneno yote kwa pua yake takatifu tangu nikiwa mtoto wa mapajani. Ukweli ni kwamba Oma ni mjukuu wa walowezi wa Kijerumani, husali kwa Kijerumani, hununua kwa Kihispania, na Kiguarani chake chote ni cha kufukuzia kuku.

 Jibu la Ynambu lilifika jioni: “Bibi yako lazima ni mtu wa pekee. Yu hai?”

Nikajibu kwamba yu hai, hajambo, na anamsalimu.

Kuanzia siku hiyo alibaki. Alirekebisha niliyoharibu, na kile asichokirekebisha alinifundisha nikirekebishe mwenyewe. Nilipokosea, hakunicheka mbele za watu. Alinicheka faraghani, akiniita Mkuu. “Mkuu, umefunga mlango ukaacha ukuta wazi.” “Mkuu, hii siyo programu, hii ni dua.” Alituma sauti yake ikitamka maneno ili tupime kibodi, nami saa za kujisomea nikajifunika koti kichwani, nasikiliza msichana nisiyemjua akisema mvua, mtoto, kesho, mzuri. Mwalimu wa zamu alidhani nasali. Hakukosea sana.

Ikafika likizo ya baridi. Akaandika kwamba anakuja kwa basi la asubuhi kumwamkia bibi, na jioni atakwenda kwa shangazi yake mjini Encarnación. Ningemkataza vipi? Nilitaka kumwona kuliko nilivyotaka kuvuta pumzi. Na tena redio ya mji ilikuwa imenialika Jumatatu, mimi mwanzilishi, nizungumze juu ya Pombero na bibi yake, ambaye utenzi wangu ulikuwa umempa jina mtandaoni. Mama alikuwa ameshawaambia majirani, mchungaji, na fundi cherehani, ambaye alikuwa anamshonea gauni la kusikilizia redio.

Juu ya Ynambu huyo, Mama hakuwa na furaha. Alisema kompyuta ilikula alama zangu za kilimo na sasa imeanza kuzaa wasichana. Aliuliza ukoo wake, sikuujua. Aliuliza sura yake, sikuijua.

“Mwanangu,” akasema akikanda unga wa muhogo wa chapati za mbejú, “msichana aliyeletwa na waya, ukikatika waya utamtafuta wapi?”

Basi alipobisha hodi, nyumba ilikuwa katika hali hii: Mama amekunja uso, Oma yuko chumbani mwake anapekua mito, na mimi nimepaka mafuta nywele.

Nilifungua. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake. Alivaa poncho ya kijivu, blanketi lenye tundu la kichwa, iliyotota ukungu wa barabarani, na nywele alizifunga kwa uzi wa sufu kama mtu aliyezifunga akiwa kwenye basi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Alinitazama kwa macho meusi yenye subira, tabasamu likaanza kona moja ya mdomo na kuchelewa kufika ya pili, na hotuba yangu ikaenda kuishi mahali pengine.

“Mkuu,” akasema.

“Ynambu,” nikasema, na sauti ikanipasuka kama ya jogoo mchanga.

Akacheka kidogo, akanipita kumwendea Mama, akainamisha kichwa kwa adabu na kumpa mkono. “Samahani kwa kuwasumbua asubuhi, mama. Naitwa Nimia Ovelar.”

Mama akajibu karibu, karibu ndani. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika kitasa. N. Ovelar. Herufi zilezile, kwa mpangilio uleule ambao kwenye skrini niliuweka kivuli kwa kidole kimoja na kuufuta kwa kingine. Miezi yote ile alikuwa anaipiga deki nyumba yake mwenyewe, nami nimesimama mlangoni kama mwenye nyumba, nampa maagizo.

Tulikaa jikoni, karibu na jiko la kuni, tukinywa kinywaji chetu cha mate. Wenye lugha ambayo neno hilo lina maana ya udenda na wacheke, hawako mbali na ukweli, maana kibuyu ni kimoja, mrija mmoja, na midomo yote ya nyumba. Mmoja humimina maji ya moto juu ya majani ya yerba na kuwapitishia wengine kwa zamu. Unakunywa, unarudisha kimya. Asante husemwa mara moja tu, ukishatosheka. Ukisema asante, kibuyu hakikurudii tena. Kwetu hilo ndilo neno la kufunga mlango.

Nilimimina mimi. Nimia alikunywa, akarudisha kimya, macho yake yakiwa juu yangu. Kila aliporudisha nilisikiliza kama mshtakiwa anayesikiliza hakimu akikohoa.

Oma akaja. Alikuwa amevaa sketi ya kanisani na kujifunga leso mpya shingoni. Kwa mkono mmoja alishika ukuta na kwa mwingine alishika kitambaa mdomoni. Midomo ilikuwa imezama ndani. Bibi yangu, aliyenifundisha kupanda farasi kwa kunitupa juu ya farasi, alikuwa ananyemelea jikoni mwake kama mtoto aliyejikojolea. Nilitazama chini.

Nimia alisimama. Akamwamkia kwa Kiguarani, taratibu, kwa maneno mazuri ambayo nilikuwa nayajua yote kwa sauti ile. Alimwambia kwamba ni heshima kuisikia pua iliyofundisha kibodi nzima. Oma hakuelewa hata neno. Alinitazama mimi, kisha akatikisa kichwa kwa upole nyuma ya kitambaa, akampapasa msichana begani, akageuka kurudi chumbani. Mama akamfuata, akinong'ona kwamba watatafuta tena chini ya kitanda, pengine paka kayachukua.

“Bibi haumwi?” Nimia aliuliza.

“Ni mtu wa maneno machache,” nikasema. Mungu alisikia, kuni zikapasuka jikoni.

Tukabaki wawili. Nje, ukungu ulikuwa unaondoka juu ya mashamba ya yerba na moshi wa kukaushia majani ulikuwa unaingia dirishani. Alisogeza kigoda chake karibu na jiko, ambako ndiko kilikokuwa changu.

“Ervin, bibi alikufundishaje?” aliuliza. “Zile za puani. Alifanyaje?”

“Alisema tu, nikasikia.”

“Hakukuwekea kidole?”

Sikujua anasema nini. Akauchukua mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa na joto la kibuyu. Akakiweka kidole changu cha shahada ubavuni mwa pua yake, pale mfupa unapoishia, akafumba macho.

“Porã,” akasema.

Neno hilo lina maana ya zuri. Mfupa mdogo ulitetemeka chini ya kidole changu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya ua. Akasema neno lingine, la kawaida, nyuki akanyamaza. Akarudia porã, nyuki akaamka.

“Kinapotetemeka, unaweka kiwimbi,” alisema, bado amefumba macho. “Na mtetemeko hauishii kwenye herufi moja, unaambukiza jirani zake. Kuna wanaotetemeka sana, kuna kidogo. Mtu mmoja akikaa na bibi mmoja jioni nyingi, kidole puani, bibi anacheka, anasema mtoto huyu atanizibia pumzi, basi mwishowe anapata namba. Namba ya pua ile moja. Hakuna nyingine kama hiyo.”

Alifumbua macho. Yalikuwa karibu sana na yangu. Niliona humo ndani jiko, dirisha, na kijana mmoja aliyepaka mafuta nywele.

“Huyo bibi,” nikasema, “yuko wapi?”

“Tulimzika mwaka jana, kabla ya Krismasi.”

Kidole changu kilikuwa bado puani kwake. Nilikiondoa. Nilikiona kwa mara ya kwanza kama kinavyoonekana kidole kilichofanya kazi ile, kucha yake, wino wake. Angalieni mahali aliponifikisha. Alikuwa amefungua mlango, ameshikilia kitasa, ameweka na taa. Kilichobaki kilikuwa mimi kupita.

“Hakuna neno unalotaka kuniambia, Ervin?”

Nilimpenda. Nasema hivyo bila cheo. Nilimpenda pale, kwa namna iliyouma mbavuni, nikawaza: nikisema, atasimama, atavaa poncho yake, atasema asante. Jumatatu Mama atakaa na gauni jipya mbele ya redio isiyosema kitu. Basi nikafanya ninachokiweza.

“Lipo,” nikasema. “Pua yako ina baridi. Tutaiandikia ripoti ya hitilafu.”

Hakucheka. Aliniangalia kidogo zaidi, kama mtu anayetazama basi kama kweli linaondoka, kisha akachungulia ndani ya kibuyu. Majani yalikuwa yamepauka, yanaelea. Pakiti ya mezani ilikuwa imekwisha.

“Yerba imechoka,” alisema. “Kaa, nitabadilisha mimi. Iko wapi nyingine?”

Nilisema nitakwenda dukani. Alisema si anaiona pale, juu ya kabati. Nilisema ile ni ya zamani, ina wadudu. Alikuwa ameshasimama. Nimesema alikuwa mrefu. Hakuhitaji hata kunyanyua visigino.

Alifungua kopo akiwa ananitazama mimi, akachovya kijiko, kijiko kikagonga. Akatazama chini.

Meno ya Oma yalikuwa yamekaa juu ya majani, yamepakwa vumbi la kijani, yakicheka. Yalikuwa yanacheka kwa ukamilifu, safu ya juu na ya chini, na wa kuchekwa alikuwa mimi.

Mlangoni Mama alikuwa amerudi, mikono kiunoni, nyuma yake Oma na kitambaa chake. Hakuna aliyesema paka.

 Nimia aliitoa kwanza safu ya juu, kisha ya chini, akayapeleka kwenye karai, akayamiminia maji ya moto ya themosi, akayasuuza kwa maji baridi, akayasugua kwa kidole mpaka majani yote yakatoka. Akayafuta kwa ncha ya poncho yake. Kisha akamwendea Oma na kumpa kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni wakati bibi anayavaa.

Oma alitafuna hewa mara mbili kuyaweka sawa. Akashusha kitambaa.

“Meno haya nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mume wangu,” alisema kwa Kihispania chake cha mawe, “na hayajawahi kutoka kwenda kutembea peke yake.” Akamgeukia Nimia. “Binti, uliniambia maneno mazuri, nimeona usoni mwako kwamba yalikuwa mazuri. Lakini mimi sijui lugha hiyo. Ulikuwa unasemaje?”

“Nilikuwa naisalimia pua yako, Bibi.”

“Pua yangu ina nini?”

“Haina kitu, Bibi,” Nimia alisema. “Hilo ndilo jambo lenyewe.”

Alirudi karibu na jiko, akaketi kwenye kigoda chake. Akamwaga majani yaliyochoka na kuweka mapya kutoka kwenye kopo lilelile. Alisema bila kunitazama, kwa sauti ile niliyoifunikia koti kichwani.

“Nilipokuuliza kwa nini pua ya bibi, nilikuwa najua. Niliikuta kazi yangu kwako siku ileile niliyokuwa natafuta pa kulilia. Nikasema, ngoja nimwone mtu anayefuta kumbukumbu ya maiti yuko vipi. Nikakuta mtu anayenichekesha.” Akamimina maji. “Nikasema, ni mtoto, atasema mwenyewe. Wiki ijayo. Nikirekebisha hili atasema, nikimfundisha lile atasema. Nimengoja, Ervin, mpaka nikaanza kujidharau. Nikapanda basi. Nikasema, akinitazama usoni atashindwa kutosema.”

Maji yalipanda mpaka ukingoni. Alikunywa yeye kwanza, kama ilivyo desturi ya anayemimina, maana ya kwanza huwa chungu sana. Nilimtazama midomo. Mlango ulikuwa wazi, poncho alikuwa nayo mwilini, kilichokosekana ni lile neno moja.

Hakulisema. Alijaza tena, akaninyooshea kibuyu.

“Kunywa,” alisema, “halafu anza mwanzo. Na mama asikie.”

Nilikunywa. Iliniunguza ulimi. Nikaanza.

Nilisema ni mimi niliyeyaficha meno. Nilisema kibodi aliyoisifia Mama mbele ya mchungaji haikuwa yangu pale inapofanya kazi, na pale isipofanya kazi ndipo ilipokuwa yangu. Nilimwambia Mama kwamba Jumatatu redioni atakwenda mwenye kazi akitaka, na asipotaka nitakwenda mimi kusema haya ninayoyasema sasa, na gauni alivae vilevile. Mama alikaa kitako kwenye gunia la muhogo bila kuangalia kama lipo. Nilimwomba Oma radhi, maana yeye ndiye niliyemvua heshima mbele ya mgeni. Sikutia kichekesho hata kimoja, na nawaambieni, ni kazi ngumu kuliko kukamua ng'ombe.

Kisha nikamgeukia Nimia, nikausema mstari wenyewe kwa kichwa. Sikuwahi kuukariri. Ila mstari ulioufuta kwa mkono wako haufutiki mahali pengine popote.

“Kazi hii ni ya N. Ovelar,” nikasema, “kwa pua ya bibi yangu. Ichukue, ibadili, igawe. Nakuomba kitu kimoja.”

Nikayatazama macho yake. 

“Usiufute mstari huu,” nikasema. “Niliusoma, nikauelewa, nikaufuta. Ni mimi. Hakuwa Pombero, haikuwa ajali, wala sikuwa sijui. Bibi yako alikuwa anaitwa nani?”

“Eulogia.”

“Nilimfuta Bibi Eulogia,” nikasema. “Nikamweka Oma mahali pake, halafu nikamnyang'anya Oma meno.”

Kibuyu kilikuwa kimekwisha, mrija unavuta hewa. Nilimrudishia. Asante ilikuwa imenijaa mdomoni, ya haki kabisa, ya kwanza ya kweli niliyowahi kuwa nayo. Nikaimeza, maana ingefunga mlango. Nikaondoa mkono kimya, nikangoja kama atajaza.